MREJESHO: Mafaili yaliyofungwa na virusi vya kudai fidia

Wakuu, nawashukuru kutoka moyoni. Kwa ambaye hakuona swali langu: mafaili yangu yote yalifungwa, na kila folda ikawa na barua ya _readme.txt inayodai dola 980, au 490 nikilipa ndani ya saa 72. Sikulipa.

Aliyenishauri nikate intaneti na kusafisha kompyuta kwanza alikuwa sahihi kabisa. Malwarebytes (programu ya kusaka virusi) ilikuta programu ya kuiba nywila bado inafanya kazi, hivyo nimebadilisha nywila zote kwa kutumia kifaa kingine. Kisha nikajaribu programu ya kampuni ya Emsisoft ya kufungua mafaili yaliyofungwa na STOP/Djvu, ndilo jina la virusi vilivyonipata. Hapo sikufanikiwa: ufunguo wangu ni wa mtandaoni, yaani uko kwenye seva ya wahalifu na ni wangu peke yangu; nimejua kwa sababu kitambulisho nilichopewa kwenye barua hakiishii na t1, alama ya ufunguo usio wa mtandaoni. Picha na nyaraka bado zimefungwa, na inaniuma sana.

Video ndizo zilizopona. Virusi hivi hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu, kwa hiyo Media_Repair (programu ya kutengeneza video zilizoharibika), nilipoipa mfano wa video isiyoharibika iliyorekodiwa na kamera ileile, ilirudisha karibu zote. Hata mafaili ya zip yamefunguka, isipokuwa faili la kwanza ndani yake. Yaliyobaki nimeyahifadhi kwenye diski ya nje, huenda funguo zikapatikana siku moja.