Nimemaliza sheria, nataka kazi ya haki za binadamu. Nianzie wapi hapa Dodoma?

Binti wa Chamwino
Habari zenu wanajamvi. Nimemaliza shahada ya sheria mwaka jana, najitolea kwa wasaidizi wa kisheria huku Chamwino. Mwezi uliopita alikuja mama mjane, karatasi zake ziko kwenye mfuko wa rambo: cheti cha kifo cha mume, na muhtasari wa kikao cha ukoo ambacho hata hakuitwa. Shemeji zake wameshapanda alizeti shambani kwake. Nilikaa naye hadi saa kumi jioni, na tangu siku ile najua hii ndiyo kazi yangu. Nyumbani wanasema kujitolea hakulipi, na kweli, hata nauli namwomba kaka. Niende Shule ya Sheria kwanza, au nibaki hapa?

Mkongwe wa Makole
Mdogo wangu, ukitaka uwakili, Shule ya Sheria kwa Vitendo haikwepeki. Ila kazi nyingi za haki za binadamu hazidai uwakili: kuchunguza malalamiko, utafiti, elimu kwa umma, kuandika ripoti. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora makao makuu yake yako hapa hapa Dodoma. Jisajili Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma leo, usingoje tangazo.

Halafu andika. Kila anayekuja: tarehe, alichosema, ulichomshauri, kilichofuata. Jina lake usiliweke. Kwenye usaili waliniuliza nimefanya nini, si nimesoma nini. Daftari langu ndilo lililonibeba.

Mama Wawili
Mimi nilisoma maendeleo ya jamii, si sheria. Nina miaka tisa kwenye kupinga ukeketaji, Bahi na Mpwapwa. Kilichonifungulia milango ni Kigogo, lugha ya bibi yangu. Mambo haya mtu hakuelezi kwa Kiswahili cha ofisini. Kama unakijua, kiandike kwenye wasifu wako.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, kwa hiyo unachofanya ni kazi halali, usiione ndogo. Lakini mradi ukiisha na mshahara umeisha. Niliwahi kukaa miezi minne bila kitu, kuku ndio walionilipia kodi. Tafuta cha pembeni mapema.

Binti wa Chamwino
Asanteni sana. Kigogo nakijua, sikuwahi kukiandika popote. Daftari nimenunua leo, na ukurasa wa kwanza ni wa yule mama. Jumanne namsindikiza Mahakama ya Mwanzo kuweka pingamizi dhidi ya msimamizi wa mirathi.