Tupeane uzoefu: Nani amemzoesha kasuku mdogo nyumbani hapa Kusini?

Wa_Shangani (mwanzisha mada)
Wadau wa Mtwara na Lindi, salaam. Tuongelee hawa kasuku wadogo wa kijani, njano na bluu wanaoletwa kutoka Dar. Asili yao ni Australia, uzito wao ni gramu 30 hadi 40 tu, na wakitunzwa vizuri huishi miaka 5 hadi 10. Watu wengi wanamnunua, wanamtundika barazani, na mwaka unakatika ndege bado anajirusha ukutani mwa tundu kila mtu akipita. Inaniuma, maana huyu ni ndege wa kundi. Akikosa wenzake, yuko tayari kukufanya wewe mwenzake, ila umpe nafasi achague mwenyewe.

Wangu sasa anapanda kidoleni nikimwambia "panda". Siku za mwanzo sikumgusa kabisa. Tundu niliweka sebuleni, upande mmoja umeegemea ukuta na kitambaa kimefunika nusu, apate pa kujificha. Nikawa nakaa karibu, naongea taratibu au nasoma kwa sauti. Alipoanza kula huku nikiwepo, nikaingiza mkono na suke la uwele, nikautuliza bila kumsogelea. Suke hilo halipati wakati mwingine wowote, analiona mkononi mwangu tu. Akishazoea kudonoa, unasogeza kidole hadi kiguse tumbo juu kidogo ya miguu, na mara nyingi hupanda mwenyewe. Kamwe usimkamate kutoka juu, maana mkono ukishuka hivyo kwake ni mwewe.

Nanyi semeni yenu.

MamaPacha_Ligula
Asante sana kaka kwa mada. Kwangu waliomzoesha ni watoto, na niliwapa sharti moja: ndege akirudi nyuma, mkono nao unarudi nyuma. Watoto waliliheshimu kuliko watu wazima. Wageni ndio walikuwa kazi, kila anayeingia anataka kugonga tundu kwa kucha ili ndege aruke.

Kuhusu kuuma, wangu alikuwa anadonoa vidole kwa nguvu. Tulichofanya ni kuacha mkono utulie, hakuna kelele wala kumpulizia. Ukiuvuta kwa haraka anajifunza kwamba akiuma mkono unaondoka, basi atauma kila siku. Sasa anadonoa taratibu tu kujua kama kidole ni kigumu, halafu anapanda.

Korosho_Newala
Mimi nasema ya usalama, kwa sababu kuna jirani alimpoteza ndege wake na mafunzo yalikuwa yanaenda vizuri. Kabla hujamtoa nje ya tundu, zima pangaboi. Usipunguze mwendo, zima. Funga dirisha au shusha pazia, maana ndege hakioni kioo kitupu. Funika ndoo na sufuria za maji.

Moshi ni jambo kubwa zaidi huku kwetu. Mapafu ya ndege yanapitisha hewa kwa namna inayofanya sumu imfikie haraka kuliko sisi. Jiko la mkaa lisiwe chumba kimoja naye, na msimu wa kubangua korosho kwa moto msogezeni mbali kabisa, ule moshi wa maganda unawasha hata macho ya mtu. Na kikaango kile cheusi kisichoshika chakula, kikiungua bila kitu ndani, hutoa mvuke unaoua ndege kwa muda mfupi hata kama yuko chumba cha pili.

Mvuvi_Mikindani
Kuna kitu dukani wanauza bei wakati sisi tunakikanyaga ufukweni: ule mfupa mweupe mwepesi wa dome (jamaa wa ngisi) unaoletwa na mawimbi. Ndege anausaga kwa mdomo, anapata chokaa na mdomo haurefuki ovyo. Ninauloweka maji baridi siku kadhaa nikibadilisha maji ili chumvi itoke, nauanika juani hadi ukauke kabisa, ndipo nautundika. Wangu alianza kunikaribia kwa sababu ya huo mfupa kabla hata ya uwele.

Lindi_Mjini
Nafundisha maneno. Dume ndiye mwongeaji mzuri. Utamjua akishakua kwa ile ngozi ya juu ya mdomo penye pua: dume ya bluu, jike ya kahawia (rangi zingine za kufugwa, kama weupe na wa njano, dume hubaki na pua ya waridi, msihukumu haraka). Chagua neno moja, liseme kwa sauti ile ile asubuhi na jioni, redio ikiwa imezimwa. Kioo cha kujitazama kitoe tunduni, maana ataongea na kile kivuli chake akusahau. Wangu alianza kwa kunong'ona haraka haraka hadi mke wangu akasema "huyu anasema hodi!" Ukiwa na wawili watapiga soga wao kwa wao na kukujali kidogo, lakini kama mnashinda kazini siku nzima, wawili ni haki yao. Mimi ningechagua ndege mwenye raha kuliko ndege mwenye maneno.

Na uwezo wanao. Kuna dume mmoja Marekani, Puck, aliyekufa 1994, ameandikwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa maneno 1,728.

Daktari_Mifugo_Masasi
Nyongeza za kitaalamu. Parachichi ni sumu kwao, chokoleti na vyakula vya chumvi pia. Mchicha uliooshwa, karoti na kipande cha embe ni sawa. Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, nafaka hushika ukungu upesi kwa unyevu wa pwani, nunueni kidogo na muweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Kinyesi kikavu kilowesheni maji kabla ya kufagia, kwa sababu vumbi lake linaweza kubeba homa ya kasuku, nayo humpata binadamu kwenye mapafu. Ndege aliyetuna manyoya, anasinzia mchana na hataki kula, hana mafunzo siku hiyo. Mpelekeni akaangaliwe mapema, ndege huficha ugonjwa hadi azidiwe.

Binti_Nachingwea
Shikamooni. Nataka kuagiza wangu wa kwanza. Nimchague vipi? Na kuna mtu hapa kijijini ananiambia atanitegea kasuku wa porini kwa bei ndogo.

Wa_Shangani
Marahaba mdogo wangu. Wa porini mkatalie, kukamata ndege wa mwituni bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na ndege mwenyewe atateseka. Agiza aliyezaliwa kwa mfugaji, angali mdogo: mistari ya kichwani inashuka hadi karibu na pua, na macho ni meusi tupu. Kuanzia miezi 3 au 4 mistari ile ya kipajini hupotea. Wakubwa nao huzoea, ila wanahitaji subira zaidi. Mtafute abiria unayemwamini amshike mapajani kwenye kiboksi chenye matundu, na kipande cha tango ndani kwa ajili ya maji. Asikubali kondakta amweke kwenye buti, kule chini joto ni kali.