Tupeane uzoefu: unajidunga insulini na unafanya mazoezi, sukari unaishikaje?

Mwenye Mada
Wadau, habari za jioni. Kliniki zote wimbo ni mmoja: "fanya mazoezi." Ukitaka kuuliza zaidi, foleni nyuma yako imeshaanza kuguna. Ujidunge saa ngapi, ule nini kabla, na mashine ikisoma sukari 4.2 (namba zote hapa ni mmol/L) ukiwa katikati ya msitu ufanyeje, hayo unajijazia mwenyewe. Basi tusimuliane. Taja insulini unayotumia, zoezi lako, na sukari kabla na baada. Nasaha za "kunywa maji mengi" tuziache, zipo tele kwingineko.

Naanza. Nina kisukari aina ya kwanza, natumia Lantus (insulini ya polepole, ya siku nzima) usiku na NovoRapid (ya haraka, ya chakula) nikila. Nakimbia msitu wa Karura, Nairobi, asubuhi, naingilia lango la Limuru Road. Kwangu mimi saa ya kukimbia ina uzito kuliko umbali. Nikitoka kabla ya kiamshakinywa, wakati hakuna NovoRapid mwilini, naanza na 7 narudi na 6 na kitu, siku nyingine hata imepanda kidogo. Umbali uleule nikiukimbia saa moja baada ya chai na mandazi niliyoyadungia dozi kamili, inaporomoka kabla sijafika kwenye maporomoko ya maji. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari wenyewe hata bila insulini, na wakati huohuo insulini ya chakula iko kileleni nayo inavuta. Ikibidi nile kwanza, dozi ya chakula hicho naikata nusu, kama tulivyokubaliana na daktari. Lantus siigusi.

Mfukoni nina mashine na glukosi ya unga. Angalizo kwa wanaobeba unga: ukishalamba, usipime kwa kidole hichohicho bila kukiosha. Chembe zilizobaki kwenye ngozi zinaingia kwenye tone la damu, mashine inakuandikia 14 na wewe uko 4. Na Julai, baridi ile ya saa kumi na mbili, vidole hugoma kutoa damu. Mimi naviweka kwapani kwanza.

Beki wa Jericho
Mkuu, sisi wa mpira uwanjani hatuna shida. Jumapili nacheza Camp Toyoyo, naanza na 9, namaliza na 7, safi. Kazi inakuja saa nane usiku. Unalala na 8, unashtuka fulana imelowa jasho, moyo unapiga mbio, mke anakuuliza kitu na jibu unalijua lakini halitoki.

Sista wa kliniki alinifafanulia vizuri: misuli iliyomaliza akiba yake ya sukari huirudisha taratibu, inaweza kuchukua hadi saa 24, na sukari hiyo inaitoa kwenye damu. Kwa hiyo insulini ileile ya kila siku, usiku wa mechi inakuwa nyingi. Daktari akaniambia Jumapili nipunguze Lantus kwa asilimia 20. Nakula chapo moja na maharagwe kabla ya kulala, na mke ameweka kengele ya saa nane kwenye simu yake, si yangu, maana yangu naizima nikiwa usingizini.

Halafu ile bia ya baada ya mechi. Ini likishughulika na pombe haliachilii sukari kama kawaida, na wewe unategemea ini hilohilo likuokoe usiku. Siwakatazi, lakini mjue hesabu inabadilika.

Chuma Kizito
Kwangu ni kinyume. Nanyanyua vyuma jimu ya mtaani huku Umoja. Naingia na 8, natoka na 12. Adrenalini hiyo, homoni inayopanda ukijikaza, inaliambia ini limwage sukari. Kuna jamaa tunanyanyua pamoja, yeye akiona 12 anajidunga papo hapo, na baada ya saa mbili anatafuta soda kwa mikono inayotetemeka. Acha itulie. Yangu hushuka yenyewe nikifika nyumbani.

Fundi wa Mjengo
Nyinyi mnachagua saa. Mimi sichagui. Nabeba mawe huko Ruaka, nadunga Mixtard, insulini ya haraka na ya polepole zilizochanganywa, saa kumi na mbili asubuhi na tena jioni. Mixtard haikungoji. Ile sehemu yake ya polepole inapanda kuelekea saa sita, saa saba, na hapo ndipo chakula kinaweza kuchelewa. Siku ya kumwaga slabu ndiyo mbaya kabisa, mchanganyiko ukishaanza hakuna kusimama, ni karai juu ya karai.

Ninachofanya: siku ya slabu dozi ya asubuhi inapungua, kiasi walichoniandikia kliniki. Saa nne nakula nusu ya githeri kwa mama wa kibanda, hata kama sisikii njaa, nusu ya pili saa saba. Na kuna kijana mmoja pale sait anajua kila kitu. Nikianza kubishana bila sababu, yeye haulizi, analeta soda. Nusu ya chupa ya mililita 300 ina kama gramu 15 za sukari, inatosha kuanzia. Ila mwambie mtu wako kabisa isiwe ile isiyo na sukari! Kijana alishaniletea hiyo kwa nia njema, eti "si wewe una kisukari?"

Mama wa Fomu Tatu
Nimecheka Fundi, lakini hilo la soda ni la kweli, hata shangazi zake binti yangu wanadhani sukari ni sumu kwake saa zote.

Binti ana miaka 16, aina ya kwanza, yuko bweni. Anapenda netiboli. Mwalimu wa michezo alimweka benchi karibu muhula mzima kwa woga tu. Sikutaka ugomvi. Daktari alituandikia karatasi moja kwa Kiswahili chepesi, akapewa mwalimu, matroni na nahodha wa timu: chini ya 5 ale kwanza, 7 hadi 10 acheze, juu ya 15 apimwe ketoni (asidi inayotokea mwili ukichoma mafuta kwa kukosa insulini) kabla ya kugusa mpira. Akionekana mlegevu, glukosi iko kwenye begi la mipira. Siku hizi anacheza robo zote. Nilimwonyesha pia habari za Gary Hall wa Marekani, aligundulika na aina ya kwanza mwaka 1999 na mwaka 2000 akachukua dhahabu ya kuogelea mita 50 kule Sydney. Akasema, "Mama, basi mimi naomba tu kucheza ligi ya kaunti ndogo."

Sista Zamu
Mimi ni muuguzi, dozi zenu mzungumze na daktari wenu. Naongeza machache tu. Mama, hilo la ketoni wengi hulipuuza. Sukari juu ya 15 na ketoni zipo maana yake mwili umekosa insulini. Ukikimbia, ini litamwaga sukari zaidi na ketoni zitaongezeka. Haichomwi kwa mbio, kaa chini, fuata maelezo ya kliniki. Ukitapika, njoo hospitali usiku huohuo.

Wakimbiaji, msijidunge pajani kabla ya kutoka. Mguu ukifanya kazi damu inapita kwa wingi, dawa inafyonzwa upesi kuliko mlivyopanga. Tumia tumbo. Sukari ikiwa chini ya 4, chukua gramu 15 za kitu chepesi, ngoja dakika 15, pima tena. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake yanaichelewesha.

Mzee wa Arboretum
Wanangu, mimi ni aina ya pili na nimewekwa insulini. Natembea Arboretum, sikimbii. Nina presha, na dawa zangu ni zile zinazopunguza mapigo ya moyo. Nilipozizoea, ile mitetemeko ya sukari kushuka ikapotea. Kilichobaki ni jasho. Nikitokwa jasho na kuna baridi, naketi kwenye benchi napima. Viatu navikung'uta kabla ya kuvaa, maana kokoto ikiingia miguu yangu haisikii.

Chuma Kizito
Heshima yako mzee. Babangu anameza hizo za presha, kesho namuuliza.

Fundi wa Mjengo
Sista, swali. Vijiti vya kupimia ni ghali, kwa siku naweza kutumia viwili. Niviweke wapi?

Sista Zamu
Siku ya kawaida, asubuhi kabla ya sindano na jioni kabla ya sindano. Siku ya slabu cha asubuhi kibaki palepale, cha pili kihamishie wakati wa kulala. Ukisoma chini ya 7 kula kitu kwanza. Na mchana ukihisi dalili usisubiri kijiti, kunywa soda kwanza.

Fundi wa Mjengo
Sawa sista. Alhamisi tunamwaga orofa ya tatu, nitaleta majibu hapa.