Najitolea nyumba ya wazee, lakini jina langu lipo kwenye rota ya zamu

Shikamooni wakubwa. Nasoma shahada ya kwanza hapa Leicester, Uingereza. Kuna nyumba ya wazee ya kampuni binafsi iliyonipokea kama mtu wa kujitolea, kwa ahadi kwamba baadaye wataniajiri. Mshahara hakuna, ila kila zamu wananipa pauni 10 ya nauli, ingawa naenda kwa miguu. Nipo kwenye rota kama wengine. Juzi niliomba ruhusa niende harusini Coventry, meneja akasema nilipaswa kutoa taarifa wiki mbili kabla. Nikauliza habari ya likizo, akajibu hiyo ni ya waajiriwa. Ni kweli?
Mdogo wenu, Leicester

Marahaba. Meneja anataka yote mawili: akubane kama mwajiriwa, asikulipe kama mgeni. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1998 haijali wamekuitaje, inatazama mnavyofanya kazi. Anayejitolea kweli huja akipenda, asipopenda haji, na harudishiwi ila gharama aliyotumia. Wewe unapangiwa zamu, unaomba ruhusa, na pauni 10 ya basi usilopanda ni ujira tu. Hata ahadi ya kuajiriwa baadaye ni hoja upande wako.

Kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, kima kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kuanzia Aprili 2025 hadi Machi 2026. Mafunzo waliyokulazimisha nayo ni saa za kazi. Likizo ya malipo ni wiki 5.6 kwa mwaka. Kwa wenye saa zinazobadilikabadilika hukokotolewa asilimia 12.07 ya saa walizofanya, yaani kila saa 100 zinazaa saa 12 hivi. Ukiondoka hujaichukua, wakulipe fedha yake.
Dada yako, Reading

Jamani, tusimtie mtoto hofu. Mimi nilijitolea duka la hisani la hospisi (nyumba ya kutunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona), sikulipwa hata senti, na barua waliyoniandikia ndiyo iliyonipatia kazi.
Kaka wa Luton

Kaka, hospisi ni shirika la hisani, na kifungu cha 44 cha sheria hiyohiyo kinawaruhusu wao kuwa na wafanyakazi wasiolipwa ila gharama. Kampuni inayofanya biashara ya kulea wazee haimo humo.

Lakini mdogo wangu, kinachonitisha zaidi si fedha, ni viza yako ya mwanafunzi. Uhamiaji wanatofautisha kujitolea na kazi isiyolipwa. Kujitolea hakuhesabiwi. Kazi isiyolipwa inaingia katika kikomo chako cha saa 20 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, wiki ikihesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Kwa hiyo barua ya kudai isiwe hatua ya kwanza. Muone mshauri wa viza wa chuo, mweleze yote bila kuficha. Huku nyuma andika tarehe na saa za kila zamu, piga picha jina lako kwenye rota (majina ya wazee yasionekane, hilo litakuletea kesi nyingine). Ukitoka kwa mshauri wapigie ACAS, shirika la umma la kusuluhisha migogoro ya kazi, ni bure, na kabla ya kwenda kwenye baraza la ajira lazima upitie kwao. Usikawie: muda wa kufungua madai kwa kawaida ni miezi mitatu pungufu ya siku moja.

Halafu tujibu hapa: una kazi nyingine?
Dada, Reading

Ndiyo dada, supamaketi, saa 16 kwa wiki. Huku kwa wazee ni zamu mbili za saa sita. Nilidhani hizi hazihesabiwi kwa kuwa hazina mshahara.
Leicester

Hizo ni 28. Zamu ya kesho usiende, mwambie meneja una shughuli ya chuo, na asubuhi uwe mlangoni kwa mshauri. Nakuandikia kando.
Dada, Reading