Naomba ushauri: ibada ni nini hasa?

Jambo wakubwa na wadogo. Niko hapa Bukavu, naandika kazi ya kumaliza masomo ya dini, na nimekwama kwenye neno moja tu: ibada.

Niliandika kwamba ibada ni kumsifu Mungu. Mwalimu anayenisimamia akapiga mstari mwekundu, pembeni akauliza: "Na mwili uko wapi?" Kweli, kupiga magoti, kutawadha, kuimba, kurudia maneno yaleyale kwa mpangilio uleule, vyote nilivisahau. Sisi huku tunaulizana "unasali wapi?", nikafikiri jibu limekwisha.

Kinachonisumbua zaidi ni bibi yangu wa Kabare. Kabla ya kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, humwaga kidogo chini na kuwataja marehemu kwa majina, sauti ya chini, kofia za wanaume zimevuliwa. Jumapili yuko misani, mstari wa mbele. Ukimwambia hiyo ni ibada atakufukuza, yeye anaiita heshima. Lakini misa ya Kikatoliki ya mtindo wa Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, nayo huwataja wahenga pamoja na watakatifu. Sasa mpaka uko wapi?

Mwanaanthropolojia Victor Turner alipowachunguza Wandembu wa Zambia aliangalia sana alama na matendo. Nimfuate yeye, au nimsikilize bibi anavyojieleza? Tena, kwa kitendo chenyewe mnatumia neno gani: ibada, kafara, tambiko? Tambiko naogopa, wengi hapa wanalisikia kama uchawi.

Nawasilisha Alhamisi. Aksanti.