Safari Rally ya Naivasha: bado ni ya uvumilivu, au imebaki kasi tu?

Bampa ya Chuma
Wadau, Safari ilipoanza 1953 ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka ya 1970 ilipita kilomita 5,000, malori na ng'ombe wakiwa humo humo barabarani. 1963 na 1968 yalifika mwisho magari 7 tu. Tangu irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021, mikondo ya kushindania (vipande vya njia vinavyopimwa muda) haifiki kilomita 400 kwa jumla, na yote imefungwa kwa magari mengine. Siku hizi gari linauawa na nini hasa?

Fundi Rejeta
Zamani lilichoka polepole, sasa linakatika ghafla. 2021 dereva Thierry Neuville aliongoza hadi Jumapili, shokapu ya nyuma ikafia kwenye mkondo wa Loldia, ushindi ukaenda kwa mpinzani wake Ogier.

Adui mkubwa ni feshifeshi ya mkondo wa Kedong: vumbi laini kama unga, limefunika mawe na mifereji. Tumbo la gari linalima, vumbi linamwagika juu ya boneti na kuingia kwenye njia ya hewa. Filta ikiziba, injini inakosa nguvu. Ndiyo maana ya lile bomba la hewa linalopandishwa kando ya kioo cha mbele. Humo ndani huachii mafuta wala hugusi breki. Ukipoteza mwendo umezama. Usukani uache ufuate mifereji, maana ukilazimisha kutoka, ukingo unachana ubavu wa tairi. Spea ni mbili tu, basi pancha ya tatu ndiyo kwaheri.

Kiatu
Usisahau tarehe. 2021 hadi 2023 ilikuwa Juni. 2024 ikarudishwa Pasaka, msimu wa mvua. Vumbi lile lile likilowa ni utelezi mtupu, na tairi ikishajaa tope haishiki kitu.

Saa ya Kituo
Mimi naona kujitegemea hakujafa. Zamani magari ya mafundi yaliwafuata madereva njiani, lakini saa haikusimama: muda uliotumia kutengeneza ulikuwa wako. Leo mafundi wanaruhusiwa Naivasha tu, kwa kawaida dakika 15 asubuhi, 40 mchana, 45 jioni. Nje ya hapo ni dereva na mwelekezi wake, kwa vifaa vilivyomo garini. Ukichelewa kwenye kituo cha kukagua muda, adhabu ni sekunde 10 kwa kila dakika. Hiyo sina ugomvi nayo. Kinachoniudhi ni kwamba gari lililokufa Ijumaa linarudi Jumamosi kwa adhabu ya dakika 10 kwa kila mkondo lililokosa. Uvumilivu gani huo?

Fundi Rejeta
@Saa ya Kituo hapo umenena, mkuu. Anayetaka ile ya kale aangalie Safari Classic, ipo tangu 2003: magari ya zamani, siku nyingi, maelfu ya kilomita. Tofauti utaiona haraka: pale madereva wanapunguza mwendo wakiona korongo.