Maonesho ya sanaa maktabani yanafunguliwa kwa wageni waalikwa, kisha sisi wasomaji tunafungiwa mlango

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha, kuhusu chumba cha maonesho ya sanaa kilichomo ndani ya maktaba moja ya umma hapa Dar es Salaam. Sitaitaja maktaba yenyewe, kwa kuwa ninachotaka kibadilike ni utaratibu, na wahusika wakisoma watajitambua. Mimi ni mwalimu wa somo la sanaa katika shule ya sekondari ya serikali, na pia ni msomaji wa maktaba hiyo wa miaka mingi.

Maonesho ya sanaa ya kisasa yanayowekwa pale yanaendeshwa kama hafla ya jioni moja. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi anafika, utepe unakatwa, hotuba zinasomwa, vitafunwa vinapitishwa, na taa zote zinawaka. Kuanzia asubuhi inayofuata mlango unatiwa kufuli, ingawa bango lililoko getini linasema wazi kwamba maonesho yataendelea kwa wiki tatu na kwamba wananchi wote wanakaribishwa. Ukimuuliza mlinzi, anakwambia ufunguo uko kwa msimamizi; ukimtafuta msimamizi, unaambiwa yuko kikaoni; ukivumilia mpaka mchana, unaelezwa kwamba chumba kimekodishwa kwa semina na kwamba urudi wiki ijayo. Wiki ijayo picha zimeshateremshwa.

Mwaka huu niliandika barua mapema kuomba kuwaleta wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, na nikarudishiwa nakala. Wazazi wakatoa nauli, watoto wakapanda daladala kutoka Mbagala wakiwa na madaftari ya kuchorea, na tulipofika tukakuta semina inaendelea ndani. Viti vya plastiki vilivyozidi mahitaji vilikuwa vimerundikwa pembeni, na rundo lenyewe limeegemezwa kwenye mchongo wa mpingo wa msanii kijana ambaye, kwa ninavyokadiria kazi ile, alitumia miezi kuutoa kwenye gogo. Bango la wenye semina lilikuwa limebandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya fremu mbili, likafunika nusu ya kila picha. Tuliambiwa tutazame kupitia kioo cha mlango. Wanafunzi wangu wakapokezana kuchungulia, mmoja mmoja, mpaka mtu wa ndani akaja kuvuta pazia.

Nilipata kuingia siku nyingine kwa kumbembeleza mhudumu, na nilichokiona ndicho kilichonifanya nifungue uzi huu. Picha za rangi za maji zilikuwa zimetundikwa ukutani mkabala na dirisha la magharibi lisilo na pazia, zikipigwa na jua la alasiri moja kwa moja. Yeyote aliyesomea uhifadhi anajua kwamba kazi za karatasi, za rangi za maji na za vitambaa hazitakiwi kumulikwa kwa zaidi ya laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na kwamba jua la nje hupita kiwango hicho kwa maelfu. Anajua pia kwamba rangi ikishapauka hairudi. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeshaanza kujikunja pembeni kwa unyevu, na hewa ya pwani yetu haihitaji msaada katika hilo, lakini pale ilikuwa imesaidiwa: kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji, na tone baada ya tone lilikuwa likitambaa ukutani na kuishia juu ya fremu ya picha ya mwanamke anayesuka ukili. Mbao za nyuma ya fremu hiyo zilikuwa zimevimba. Niliigusa kwa kidole, ikabonyea. Nilimwita mhudumu nikamwonesha. Akasema ataandika taarifa.

Kuhusu utundikaji sitasema mengi. Kanuni ya kawaida ni kuweka katikati ya picha kwenye kimo cha sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, ili mtu mzima aitazame bila kukunja shingo. Pale picha zinatundikwa popote palipokuwa na msumari wa zamani.

Maelezo ya kazi nayo yanatia uchungu. Baadhi yana jina la msanii na bei tu, na yaliyosalia yameandikwa kwa Kiingereza kigumu, katika maktaba ambayo wasomaji wake wengi wanaongea, wanasoma na kuota kwa Kiswahili. Mtoto anayekutana kwa mara ya kwanza na kazi iliyotengenezwa kwa vifuniko vya chupa na waya anahitaji sentensi nne za Kiswahili safi zinazomweleza nani aliitengeneza, mwaka gani, kwa vitu gani, na alikuwa akifikiria nini. Hakuna mtafsiri wa kulipwa anayehitajika kwa hilo, maana wasanii wenyewe ni Waswahili na wakiulizwa watasema.

Wapo watakaosema kwamba jiji lina sehemu nyingine za kuona sanaa. Ni kweli, na ninaziheshimu. Nafasi Art Space ipo Mikocheni tangu mwaka 2008, Makumbusho ya Taifa yapo, na vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani huandaa maonesho mazuri. Lakini maktaba ya umma ina jambo ambalo hizo hazina: mtu anaingia kwa sababu zake nyingine. Anakuja kujisomea kwa ajili ya mtihani au kusoma gazeti, anapita mbele ya picha bila kukusudia, anasimama. Mwanafunzi wa Tandika ambaye hangethubutu kuingia kwenye jumba la sanaa kwa kudhani kwamba ni mahali pa wazungu na matajiri, maktabani anaingia bila kujieleza kwa mtu. Mlango ule ukifungwa, yeye ndiye anayefungiwa. Wageni waalikwa walishaona, wakapiga picha, wakaondoka.

Na tusijidanganye kwamba kazi za wasanii wetu hazina uzito wa kutunzwa. Mwaka 1960 jumba la makumbusho ya sanaa la Museum of Modern Art, New York, liliingiza kwenye hazina yake picha ya mchoraji wetu Sam Ntiro, Mchaga aliyesomea Makerere, inayoonesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Mwaka 2022 National Portrait Gallery ya London ilipata picha ambayo Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Kilimanjaro, alijichora mwenyewe mwaka 1982. Edward Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi hapa hapa Dar es Salaam, akafariki mwaka 1972, na mtindo wake leo unajulikana duniani kote. George Lilanga, aliyekua kisanaa katika Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii cha hapa Dar es Salaam kilichoanzishwa mwaka huo huo wa 1972, kazi zake zimezunguka Ulaya na Marekani. Wenzetu ng'ambo wanazipimia mwanga na unyevu usiku na mchana. Sisi ambao wasanii hao wametoka kwetu tunaegemeza viti.

Kuna suala jingine ambalo wasanii wawili walinieleza kwa nyakati tofauti, nami nimeona ushahidi wake kwa macho. Picha iliyowahi kuoneshwa pale ilitokea kwenye kalenda ya mwaka, bila jina la mchoraji na bila idhini yake. Alipouliza, akajibiwa kwamba picha ile ilikwisha kununuliwa, hivyo mwenye mali anaruhusiwa kufanya apendavyo. Jibu hilo si sahihi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, kununua turubai ni jambo moja na kumiliki haki ya kuichapisha ni jambo jingine. Haki hiyo hubaki kwa msanii mpaka yeye mwenyewe aitoe, na kutajwa jina lake ni haki yake pia. Mchoraji yule aliambiwa kwamba akiendelea kulalamika hatapewa nafasi tena. Kijana anayeanza, asiye na jumba la kumwakilisha, atafanya nini zaidi ya kunyamaza?

Hoja ya bajeti naifahamu, maana na mimi nafanya kazi serikalini na najua chaki inavyokwisha katikati ya muhula. Lakini kufungua mlango saa zile zile ambazo maktaba iko wazi hakuhitaji fungu jipya. Kumhamishia mhudumu mmoja meza yake ndani ya chumba kile hakuhitaji kibali cha wizara. Kitambaa kizito cha dirisha kinapatikana Kariakoo kwa fedha ambayo haifikii gharama ya vitafunwa vya uzinduzi mmoja. Na kama chumba lazima kikodishwe kwa semina ili maktaba ipate mapato, basi kisitangazwe kuwa na maonesho kwa tarehe hizo hizo, na msanii aelezwe hivyo kabla hajasafirisha kazi zake kwa bajaji kutoka kwake.

Nimeshaandika barua rasmi na nakala ninayo, majibu sijapata. Nawaomba wasanii waliowahi kutundika kazi katika maktaba yoyote ya umma hapa jijini waeleze hapa chini kama walisaini mkataba, mkataba ulisema nini kuhusu uharibifu, saa za kufungua na uchapishaji wa picha zao, na kama walirudishiwa kazi zikiwa nzima. Mwanasheria aliyemo humu anayejua namna ya kufungua madai ya hakimiliki kwa msanii asiye na uwezo wa kulipa, naomba atoe mwongozo. Na wakutubi, ambao najua wengine wenu mnasoma hapa na hali hii inawauma kama inavyoniuma, tuambieni ufunguo wa chumba kile anatakiwa kukaa nao nani.